Makaa Chini ya Mulamula

Mzee Kasonia alikutwa kifudifudi kati ya migomba yake, kichwa kimepasuliwa kisogoni, mkono wa kuume umeushika mche wa mulamula, mti wa kupandwa mipakani, kama mtu amshikaye mtoto asikimbie. Ukungu wa Butembo ulikuwa haujainuka bado. Umande ulikuwa umetua juu ya koti lake sawasawa na ulivyotua juu ya majani, maana umande haujui nani ni maiti na nani ni mgomba.

Inspekta Muyisa alichuchumaa, akajaribu kuutoa ule mche. Haukutoka. Vidole vilikuwa vimekaza.

"Huyu hakutaka kuachia," alisema.

"Bazee ba hapa habaachiaka kitu," alijibu Brigadia Jéthro, msaidizi wake. "Hata mu jeneza utakuta ameshika ufunguo."

Muyisa hakucheka. Tangu mkewe Adèle afie katika kituo cha afya kisichokuwa na oksijeni, huku gari la mkubwa mmoja likinguruma nje kwa mafuta ya serikali, kucheka kwake kulikuwa kwa nadra. Shule aliiacha kule Kirumba angali mdogo; upelelezi alijifunza kwa miguu. Wakubwa hakuwaamini hata wakisema leo ni Jumatatu. Na siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Jembe lilikuwa limetupwa kando, damu imegandia kwenye shingo ya mpini. Nyuma ya maiti ulionekana mstari wa miche mipya ya mulamula ikikata kiwanja kwa urefu, kutoka barabara ya juu hadi ua wa mikaratusi kule chini. Mwisho wa mstari palikuwa na shimo tupu.

"Nani alimukuta?"

"Miye." Aliyejibu ni Orpa, mkwe wa marehemu, mjane wa mwanawe wa pili, Élisée. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wake, kitenge amekifunga vibaya. "Nilitoka kuchota maji, kengele ya misa ya kwanza iko inaisha kulia. Niliona koti. Nikasema papa ameanguka."

"Ulimugusa?"

"Nilimugeuza kichwa kidogo. Nikaona. Nikapiga kelele."

"Hii jembe ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Inalalaka wapi?"

"Inje, ku jiko ya zamani. Kila mutu anaichukuaka."

"Hata muuaji anaichukuaka," sauti ilisema nyuma yao.

Huyo alikuwa Delphin, kifungua mimba wa mzee, mwagizaji wa vitenge kutoka ng'ambo. Kando yake alisimama komanda, ambaye kwa kawaida haonekani kazini kabla jua halijachoma. Walikuwa wameteremka katika gari moja, na gari hilo halikuwa la polisi.

"Ijumaa papa aligawa parcelle, hii kiwanja yote," Delphin alisema. "Mimi upande ule, yeye upande huu, sababu ya batoto ba marehemu ndugu yangu. Sikukataa. Mais mutu ukimupa mukono anataka bega."

Muyisa aliutazama mstari wa miche. "Orpa, mupaka wa Ijumaa ulikuwa hapa?"

Orpa ndiyo kwanza akautazama. Akaweka mkono mdomoni. "Hapana. Ulikuwa kule, kupita jiko. Hapa ni ndani mwangu."

Ilikuwa kweli. Usiku ule mtu alikuwa ameing'oa miche yote akaihamishia upande wa Orpa, ikakaribia kizingiti chake. Sehemu yake ilikuwa imekatwa karibu nusu.

"Donc alijisogezea mupaka mwenyewe, akajipunguzia?" Muyisa alimwuliza Delphin.

"Unaniuliza mimi? Mi si polisi."

Komanda alitazama saa yake. "Damu iko ku jembe yake. Kelele alipiga yeye. Mufunge, dossier iishe. Kule juu banangoja ripoti."

"Chef, mupaka..."

"Muyisa. Kule juu habaombake mulamula. Banaomba jina."

Basi Orpa akafungwa pingu mbele ya watoto wake. Kabla hajapandishwa kwenye gari, Delphin alitamka kwa sauti ya kusikiwa na wote kwamba siku ya kuondoa matanga familia ingeketi upya, na kwamba watoto wa muuaji hawalali juu ya udongo wa aliyeuawa. Muyisa alihesabu kichwani. Siku ya kuondoa matanga haikuwa mbali. Ikimkuta Orpa ndani, watoto wake watalala barabarani, na hakuna hakimu atakayewarudisha.

Kasho la kituo lilikuwa chumba kimoja chenye harufu ya ndoo. Orpa aliketi juu ya sandali zake.

"Mama, nisaidie nikusaidie. Ijumaa mulikuwa banani?"

"Papa, Delphin, miye. Na Victoire."

"Victoire ni nani?"

"Binti yake. Aliolewa kule upande wa Beni. Alikuja kupika."

"Niambie vile ilipita."

Orpa aliinua uso. "Papa alichimba mashimo yeye mwenyewe, hakutaka mutu amusaidie. Delphin alibeba kitunga ya makaa. Chini ya kila mulamula papa aliweka makaa ya moto wa nyumba, akasema: atakayetoa hii, moto wake uzimike. Kisha tukakunywa kasiksi, pombe ya ndizi."

"Na Victoire alipewa nini?"

"Kuku moja. Na kitenge ya marehemu mama. Papa alisema binti aliyeolewa hapandiwake mulamula, mupaka wake uko kwa bwana yake."

"Akajibu nini?"

"Akasema merci, papa. Akaenda kuosha masufuria."

Muyisa aliinuka. Makaa. Hata kwao Kirumba, baba yake aliyaweka vivyo hivyo. Mulamula ni mti mkaidi, ukiutupa juu ya jiwe utachipua, lakini mwizi wa mpaka anaweza kuung'oa. Makaa hayang'oki. Hayaozi, mchwa hawayali. Wajukuu wakigombana, huchimbwa, na makaa husema.

Alirudi migombani na Jéthro kesho yake. Turubai la msiba lilikuwa limefungwa kutoka bati hadi bati, kina mama wameketi juu ya majani ya migomba, wanaimba rozari. Walichimba kwanza chini ya miche iliyohamishwa. Udongo mwekundu mtupu.

Halafu wakahamia mstari wa Ijumaa, ambao haukuonekana ila kwa udongo uliolegea kidogo. Jembe halikwenda mbali. Makaa yalikuwepo. Shimo la pili, yapo. La tatu, yapo. Hakuna hata kipande kilichotawanywa. Aliyetoa miche aliipandisha polepole, kisha akarudishia udongo juu ya makaa kwa viganja. Alama za vidole zilikuwa zimekauka pale kama juu ya chungu kibichi.

"Mutu ameua muzee," Jéthro alinong'ona, "na ameogopa makaa yake?"

"Hii si woga peke yake."

Walirudi kwenye mstari mpya. Mche wa mwisho, ule uliotangulia shimo tupu, Muyisa aliugeuza majani. Upande wa chini, mahali ambapo umande haukufika, palikuwa na doa la kahawia lenye umbo la kidole gumba.

"Damu," Jéthro alisema.

"Donc wakati anaupanda huu, muzee alikuwa amekwisha kulala. Alimuua, kisha akaendelea na kazi. Ulibaki mumoja tu."

"Ule wa mukononi."

"Ule wa mukononi. Huo alishindwa kumunyang'anya."

Delphin aliwakuta wamesimama hivyo. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa hata kwenye matope.

"Munachimba nini kwetu?"

"Makaa uliyobeba, Bwana Delphin. Jumapili usiku ulikuwa wapi?"

"Ku harusi ya mutoto wa mushirika wangu. Niulize padri, niulize mutu wa kamera. Tulitoka kule asubuhi." Alitabasamu kidogo. "Najua unatamani ningekuwa mimi. Mais fikiri. Mi niliona makaa na macho yangu. Kama ningesogeza mupaka, ningeacha makaa pale yanishitaki? Nimenunua parcelle nyingi mu hii ville. Kuiba mupaka najua."

Muyisa alikuwa ametamani kweli awe yeye. Ingependeza mara moja tu kumweka kasho mtu mwenye gari. Lakini mtu yule, pamoja na ubaya wake, alisema kitu cha maana. Anayeiba mpaka hung'oa makaa. Huyu aliyaacha kwa makusudi. Aliuhitaji mpaka wa zamani ubaki, ili Delphin asipoteze hata unyayo, na akauhitaji mpya usimame. Muyisa alitazama makaa upande huu, akatazama miche upande ule, akatazama ardhi iliyokuwa katikati.

"Jéthro. Mupaka haukusogezwa."

"Chef, si tunauona?"

"Mipaka ni miwili. Mutu aligawa hii parcelle fungu tatu."

Katikati ya ile mistari miwili hapakuwa na kitu ila jiko la zamani, la udongo na bati lililotoboka, ambamo mke wa marehemu, Anne-Marie, aliwapikia watoto wake mpaka alipokufa. Mlangoni mwa jiko hilo aliketi mwanamke mwembamba, mgongo umeegemea ukuta, anamenya viazi vya wafiwa.

"Yule ni nani?"

"Si ni Victoire," Jéthro alijibu. "Alifika Jumatatu mchana na pikipiki. Alilia kupita bote."

Muyisa hakumsemesha. Alipanda teksi kwenda Beni, akalipa nauli mwenyewe, kwa sababu mafuta ya upelelezi huwa yameishia kwa komanda. Njiani alipita vizuizi vya askari, na katika kila kizuizi kulikuwa na kamba, na katika kila kamba mtu wa kunyoosha mkono. Nyuma ya vizuizi hivyo vyote watu wa vijijini walikuwa wanachinjwa. Kamba zilizuia pikipiki za ndizi; mapanga yalipita.

Victoire alikuwa amekimbia kutoka huko. Mumewe alikuwa na shamba la kakao kaskazini mwa mji; wauaji walimkuta akivuna. Tangu hapo yeye na watoto walihifadhiwa na mama mmoja Mprotestanti aitwaye Mama Shekinah, katika chumba cha mbao nyuma ya nyumba yake.

"Mama Bénite ni mutu muzuri," Mama Shekinah alisema, akimwita Victoire kwa jina la mtoto wake wa kwanza. "Haombake chumvi mara mbili. Mais chumba ni ya mutoto wangu, anaoa. Niliwaambia batoke mwisho wa mwezi. Mungu anisamehe, na mi niko na batu."

"Alienda Butembo siku gani?"

"Alienda ku kugawa, akarudi Jumamosi na kuku. Alikuwa kimya. Jumapili kisha ibada akasema: narudia, papa hakunielewa muzuri, nitamuelezea."

"Alirudi kwako?"

"Hapana. Alipiga simu tu. Jumatatu."

"Asubuhi? Mchana?"

"Asubuhi sana, giza ingali. Nilikuwa natafuta kiberiti. Alisema: Mama Shekinah, bafungie batoto bintu. Tuko na fasi. Nikamwambia Mungu asifiwe. Kisha mchana ndiyo tukasikia papa yake ameuawa. Nikasema maskini, siku moja anapata parcelle, siku moja anapoteza muzazi."

Pembeni mwa chumba kulikuwa na furushi limefungwa kwa kamba ya mkonge, sufuria limewekwa juu. Msichana aliketi juu yake, na wadogo zake wawili wameketi miguuni pake.

"Hiyo ni bintu?"

"Tangu siku ile. Bénite anakatala tufungue. Anasema mama alisema bafunge."

Muyisa alimtazama yule mtoto, naye akamtazama.

Aliporudi Butembo alimkuta Victoire mahali palepale, ndani ya jiko la mama yake, ameketi mbele ya mafiga matatu. Moto haukuwashwa. Muyisa alivuta kigoda, akakaa; Jéthro akabaki mlangoni.

"Mama Bénite."

"Inspecteur."

"Nimetoka Beni. Batoto bameketi juu ya furushi."

Victoire alifumba macho. Alipoyafumbua hayakuwa na machozi.

"Banakula?"

"Banakula. Ulifika hapa Jumapili, si Jumatatu."

"Jumapili."

"Mama Shekinah ulimupigia simu papa yako akiwa hajaonekana bado."

"Nilikuwa na furaha," Victoire alisema. "Utaona ni uongo. Nilikuwa na furaha kidogo, kisha ikatoka."

"Niambie vile ilipita. Mu kasho kuna mutu."

"Najua kuna mutu." Aliokota kijiti, akawa anakivunja vipande vidogo. "Nilimukuta papa jioni. Nikapiga magoti, hapa. Nikamwambia: papa, sitaki parcelle. Nataka jiko ya mama. Upana kama hivi, kitanda moja na moto. Akasema jiko iko ndani ya batoto ba Élisée, yeye harudishi neno. Nikamwambia bwana yangu hako, udongo ya bwana yangu iko na maiti. Akasema ningoje, serikali itarudisha amani. Serikali."

Alilitamka neno hilo bila chuki, kama mtu anayetaja ndugu wa mbali aliyekufa zamani.

"Kisha?"

"Alinipa chakula. Akalala. Na mi nililala hapa. Kabla ya kucha nikaamka, nikasema nitaupanda mwenyewe. Akikuta umekwisha kupandwa atakubali, papa anaogopaka kung'oa mulamula. Makaa yake sikugusa. Ya Delphin ni ya Delphin. Nilitoa tu kwa Orpa, sababu alipewa kubwa. Nilipanda yote, ikabaki mumoja. Nikasikia mulango."

"Akasema nini?"

"Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa muzuri. Alisema, Victoire, uko unatafuta nini ku mambo ya banaume? Akaingia ku mustari, akang'oa mumoja. Hivi tu, kama mutu anang'oa majani mubaya. Akanipa mugongo ili ang'oe ingine."

Kijiti kilikuwa kimekwisha. Aliokota kingine.

"Jembe ilikuwa mukononi. Alianguka bila kelele. Nikapanda ile ilibaki, mu shimo ya ile aling'oa. Nilitaka kupanda na ya mukono wake, nikavuta, nikavuta. Hakuachia. Hata kufa hakuniachia mumoja. Nikatoka na giza, mchana nikarudi na pikipiki kama mutu anatoka Beni."

Nje kina mama walikuwa wamefika kwenye fumbo jingine la rozari. Muyisa alingoja wamalize wimbo.

"Na Orpa? Batoto bake?"

"Nilijua bataona si yeye. Kila siku nasema leo nitaenda. Kisha nafikiri furushi." Alimgeukia. "Inspecteur, wewe uko mutu wa sheria. Sheria ingesema nini? Kama ningekuja kwako, si kwa papa?"

Hilo ndilo swali ambalo Muyisa alikuwa analiogopa tangu Beni. Ofisini kwake kulikuwa na kitabu cha sheria ya familia. Walikigawa zamani katika semina moja ya wakubwa, pamoja na soda, na hakuna aliyekifungua. Cha kwake kilikuwa chini ya mguu wa meza, maana meza ilikuwa inayumba. Asubuhi ile, kabla ya kuja, alikuwa amekichomoa na kusoma kwa kidole.

Angeweza kumdanganya. Aliona afadhali amheshimu.

"Sheria inasema binti na kijana ni sawa. Aliyekufa, batoto bake banakamata fungu yake. Donc mulikuwa batatu: Delphin, batoto ba Élisée, na wewe. Sawa kwa sawa."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Ulikuwa ungali mutoto."

Victoire alitazama kuta za jiko, bati lililotoboka, mafiga.

"Donc ilikuwa yangu."

"Ilikuwa yako, na zaidi ya jiko."

"Na papa alijua?"

"Nani angemwambia?"

"Na sasa?"

"Sasa hapana. Aliyeua harithi."

Victoire aliinamisha kichwa kama alivyokiinamisha Ijumaa alipopewa kuku. Kisha akanyoosha mikono mbele, pamoja, ili Jéthro asipate taabu ya kuitafuta.

Komanda aliisoma taarifa ya kukiri kosa akiwa amesimama. "Jina ni jina," alisema, akabadilisha moja kwa jingine, na Orpa akatolewa bila mtu kumwomba radhi.

Siku ya kuondoa matanga Muyisa alikwenda Vulamba, kwenye kiwanja cha marehemu. Hakutumwa. Mfukoni alikuwa na ule mche, ambao daktari aliutoa mkononi mwa maiti. Ulikuwa kielelezo cha kesi, lakini hakuna aliyeuliza habari zake, na ndani ya droo kavu ulikuwa umekwisha kutoa chipukizi.

Alimkuta Orpa uani. Bénite na wadogo zake walikuwa wameketi juu ya furushi lao mbele ya jiko la zamani. Mama Shekinah alikuwa amewapandisha kwenye teksi. Delphin alikuwa amesimama barabarani, simu sikioni, hataki kuingia wala kuondoka.

"Delphin anasema ning'oe hii miche, nirudishe kule," Orpa alisema.

"Ni haki yako."

"Nililala mu kasho sababu ya mama yao. Sitasahau." Aliwatazama wale watoto kwa muda mrefu, na uso wake haukulainika. "Mais bao habakushika jembe."

Muyisa alimpa mche. Orpa aliupokea, akajua ni upi. Kisha aliingia nyumbani kwake, akatoka na makaa katika kibao cha kuzolea, yangali na joto. Alikwenda hadi lile shimo tupu mwisho wa mstari, akapiga magoti.

"Bénite," aliita bila kugeuka. "Kuja ushike hii. Uishike sawa, nifukie."